Mkono Mmoja Haulei Mwana

Wako wazazi wengi ambao wakiulizwa mtoto huanza kujifunza lini, hujibu mara moja kwamba huanza siku ile avaapo nguo za skuli na kuingia darasa la kwanza. Kabla ya siku hiyo, husema, mtoto ni mtoto tu. Kazi yake ni kula, kulala na kucheza, wala hakuna hasara yo yote akikaa nyumbani mpaka meno yake ya kwanza yaanze kung'oka. Wazo hili si la watu wasiosoma peke yao. Hata watu wenye elimu na kazi nzuri mjini hulinena wakizungumza juu ya watu wa mashambani, ingawa watoto wao wenyewe wamekwisha kupelekwa katika skuli za chekechea zilizo karibu na nyumba zao.

Wahenga hawakufikiri hivyo. Walisema, udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi ajua kwamba udongo ukikauka haukubali tena kufanywa chungu, humvunjikia mkononi. Na mabingwa wa siku hizi, waliochungua jinsi ubongo wa mtoto ukuavyo, wamekubaliana na wahenga: mtoto atimizapo miaka sita, ubongo wake huwa umekaribia sana ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miaka ile ambayo wazazi huihesabu kuwa ya bure ndiyo ambayo mtoto hujifunza kusema, kutambua, kukumbuka, kushika kitu kwa vidole, kungoja zamu yake, na kumwamini mtu asiye mama yake. Akikosa chakula, mazungumzo na michezo katika miaka hiyo, mwalimu wa darasa la kwanza hupokea udongo ulioanza kukauka, na kazi yake huwa ngumu mara mbili.

Basi hapana haja ya kubishana kama mtoto mdogo astahili kufundishwa. Swali lililo gumu ni hili: afundishwe wapi, na afundishwe na nani, ikiwa amezaliwa mbali na barabara, mbali na maji, katika nchi ambayo kutoka boma moja mpaka boma jingine ni mwendo wa saa nzima? Jibu moja lililo jema lilipatikana katika nchi ya Samburu, kaskazini mwa Kenya, nalo lafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu halikuanza na saruji wala mabati. Lilianza na kivuli.

MGUU WA MTOTO WA MIAKA MINNE

Kaunti ya Samburu, ambayo makao yake makuu yapo Maralal, ina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2019 ilipata humo watu wapatao 310,000, yaani watu 15 hivi katika kila kilomita moja ya mraba. Juu, katika uwanda wa Lorroki, mvua ni nzuri kidogo na wako watu wanaolima. Chini yake nchi ni kavu, na wenyeji huishi kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Mifugo hufuata majani, na watu hufuata mifugo.

Mtu aliyezoea kukaa ofisini aweza kutandaza ramani, akatia alama ya skuli hapa na alama ya skuli pale, kisha akasema kwamba hakuna mtoto aliye mbali na skuli zaidi ya kilomita tano. Mwendo huo si kitu kwa mtu mzima, na kijana wa miaka kumi aweza kuuvumilia. Lakini kwa mtoto wa miaka minne, kilomita tano ni safari. Ataondoka asubuhi, pengine hajala. Atavuka laga, yaani mto mkavu, ambao mvua ikinyesha milimani huja na maji ghafula hata kama juu ya kichwa chake hakuna wingu. Atapita vichaka vyenye ndovu na fisi. Na saa sita, jua likiwa utosini, atarudi kwa njia ile ile. Tena katika sehemu nyingine upo wizi wa mifugo, na bunduki haziulizi umri wa mpita njia.

Mama mwenye akili hamwachilii mwanawe katika safari kama hiyo. Watu wengi wamewalaumu wafugaji kwamba hawaipendi elimu, kumbe mara nyingi walichokataa ni njia, wala si skuli. Na mtoto akingojea mpaka miguu yake ipate nguvu za kufika, huwa amekwisha kupata nguvu za kuchunga mbuzi vilevile. Hapo baba hupima mambo mawili, na mara nyingi huamua kwamba mmoja wa watoto wake aende skuli na mwingine ashike fimbo. Watoto wengi waliobaki na fimbo hawakupungukiwa akili kuliko ndugu zao. Walipungukiwa na skuli iliyo karibu katika miaka ile ambayo mbuzi walikuwa bado hawawahitaji.

KIVULI CHA ZAMANI

Wasamburu wana neno loipi, ambalo maana yake ni kivuli. Desturi ya zamani ilikuwa kwamba asubuhi, baada ya kukamua, akina mama walipokwenda kuchota maji na kukata kuni, watoto wadogo waliachwa pamoja chini ya mti au ndani ya ua wa miiba. Waliowatunza walikuwa nyanya zao, wanawake wazee ambao nguvu zao za kwenda mbali zilikuwa zimekwisha, lakini maneno yao hayakuwa yamekwisha.

Nyanya hao waliwaimbia wachanga mpaka wakalala. Wale wakubwa kidogo waliwasimulia hadithi na kuwatega vitendawili. Wakawafundisha majina ya jamaa na ya ukoo, na jinsi ya kumwamkia mzee. Watoto nao walijenga maboma madogo ya mawe, na kila jiwe likawa ng'ombe mwenye rangi yake: huyu mwekundu, huyu mwenye madoa, huyu mweupe tumboni. Mtu asiyejua angedhani ni mchezo mtupu. Lakini mtoto awezaye kutenga mawe kwa rangi na kwa ukubwa, akajua mara moja lipi limepotea, ameanza hesabu kabla hajaona ubao.

Miaka ilivyopita, desturi hiyo ilidhoofika. Ukame uliwapunguzia watu mifugo, na jamaa wengine wakahamia karibu na miji midogo kama Wamba, Baragoi na Archer's Post, wakitafuta chakula na kazi. Mama aliyekuwa akikamua ng'ombe wake akalazimika kwenda kuuza kuni au makaa, akirudi jioni. Nyanya akabaki katika boma jingine, mbali. Mtoto akaachwa mikononi mwa ndugu yake aliyemzidi miaka michache tu, au akafungiwa ndani ya nyumba mpaka mama arudi. Yule aliyekuwa akilelewa na boma zima sasa hakuwa na wa kumlea, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo.

JINSI KIVULI KILIVYOTENGENEZWA UPYA

Katika miaka ya mwisho ya 1990, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ikisaidiwa na shirika la Bernard van Leer Foundation la Uholanzi pamoja na shirika la Christian Children's Fund, ilianza kazi ya watoto wadogo katika nchi ya Samburu. Jambo la busara lililofanyika ni kwamba kazi hiyo ilijengwa juu ya loipi. Wenyeji hawakuambiwa waiache desturi yao na kupokea nyingine iliyotoka mbali. Walisaidiwa kuirudisha, kisha mambo machache ambayo nyanya wa zamani hakuwa nayo yakaongezwa juu yake.

Mahali palizungushwa ua, ili mtoto asitoke wala mnyama asiingie. Maji safi yaliwekwa. Uji ulipikwa, na wazazi wakashiriki katika kupika na katika kutoa walichokuwa nacho. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa na wazazi wenyewe kwa miti, kamba, ngozi na vitambaa, hata wanaume wakatia mkono, na mtoto akapata bembea bila ya mtu kutuma fedha Nairobi. Wafanya kazi wa afya walikuja hapo kuwapima watoto uzito na kuwachanja. Na pamoja na nyanya waliwekwa watunzaji waliopata mafunzo.

Faida ya mpango kama huo yaonekana mara mtu aufikiripo. Muuguzi aliyepewa chanjo za kutwa moja, zilizo ndani ya sanduku la barafu, hawezi kuzunguka maboma yote yaliyotawanyika kabla barafu haijayeyuka; lakini watoto wakiwa chini ya mti mmoja, kazi yake huisha kabla ya adhuhuri. Mtoto anayekonda huonekana mapema, kwa maana mizani haina haya ya kusema kweli. Na mtoto mwenyewe hapati hofu, kwa kuwa uso wa kwanza auonao asubuhi ni uso wa nyanya yake, na maneno asikiayo ni ya Kisamburu, lugha aliyonyonya pamoja na maziwa. Kwa miaka mingi shauri la elimu ya Kenya limekuwa kwamba mtoto katika madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali anapokaa, lakini shauri hilo ni gumu kutimizwa ikiwa mwalimu ametoka mbali. Katika loipi lilitimizwa bila shida.

Tena katika loipi hapakuwa na mlango uliowatenga watoto kwa umri. Wa mwaka mmoja na nusu alilala juu ya ngozi, wa miaka mitatu alicheza na mawe, na wa miaka mitano alianza kushika kijiti na kuchora mchangani. Jambo hili laonekana dogo, lakini litakumbukwa mbele.

SHERIA NA MAJENGO

Nchi ya Kenya si ngeni katika mambo ya chekechea. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, wananchi katika sehemu nyingi walijenga skuli za watoto wadogo kwa nguvu za Harambee, wakamlipa mwalimu kwa senti zao wenyewe. Mwaka 1980 kazi hiyo ilitiwa chini ya Wizara ya Elimu, na mwaka 1984 kikaanzishwa Kituo cha Taifa cha Elimu ya Watoto Wadogo. Kisha vikafuata vituo vya wilaya vya kuwafundisha walimu wakati wa likizo, kwa muda wa miaka miwili, bila ya kuwaondoa katika kazi zao.

Lakini mzigo wa mshahara ulibaki juu ya mzazi. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilifanywa kuwa bila malipo, nayo ilikuwa baraka kubwa. Walakini chekechea haikutiwa ndani ya baraka hiyo. Wazazi wengi maskini wakafanya hesabu iliyo rahisi: kwa nini kumlipia mtoto wa miaka mitano, na hali yule wa miaka sita asoma bure? Wakawatoa wadogo, wakangoja. Hivyo jambo lililofungua mlango mkubwa liliufunga mlango mdogo bila kukusudia.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliweka kazi ya elimu ya kabla ya msingi mikononi mwa kaunti, na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Mtaala mpya, uliotandazwa nchi nzima mwaka 2019, umehesabu miaka miwili ya chekechea, ya watoto wa miaka minne na mitano, kuwa mwanzo wa safari yote ya masomo. Na mwaka 2021 ilipitishwa sheria maalum ya elimu ya watoto wadogo. Tangu kaunti zipewe kazi hiyo, vyumba vingi vya madarasa vimejengwa na walimu wengi wameandikwa, hata katika sehemu ambazo zamani hazikuwa na jiwe moja juu ya jingine. Mtu asiyeshukuru kwa hayo hana haki.

Hata hivyo yafaa kusema wazi kwamba chumba cha darasa si skuli. Jengo huonekana; wakubwa waweza kulifungua kwa hotuba, na picha zikapigwa. Uji hauonekani, kwa maana huliwa ukaisha, na kesho sharti upikwe mwingine. Mshahara wa mwalimu nao hauonekani, ila unapokosekana. Ndiyo sababu ni rahisi kupata fedha za mabati kuliko fedha za unga. Lakini mtoto wa miaka minne hakwendi kwa ajili ya mabati. Kila mwalimu wa nchi kavu ajua kwamba siku ambayo moshi wa jikoni hauonekani, madawati hubaki matupu.

DADA YAKE WA MIAKA TISA

Sasa lipo jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Chekechea ya sheria humpokea mtoto wa miaka minne na wa miaka mitano. Loipi ilimpokea kila mtoto asiyeweza kumfuata mama yake majini. Basi mahali ambapo jengo jipya limefunguliwa na kivuli kikaachwa, wako watoto ambao hawana kwao. Mtoto wa miaka miwili hakubaliwi darasani, kwa kuwa ni mchanga mno. Mama yake hawezi kumbeba pamoja na mtungi na mzigo wa kuni. Nyanya aliyekuwa akikaa chini ya mti amerudi nyumbani, kwa kuwa ameambiwa kwamba sasa yupo mwalimu, na kwamba kazi hiyo ni ya Serikali. Nani basi atakaa na mtoto?

Atakaa naye dada yake. Msichana wa miaka tisa, ambaye angekuwa katika gredi ya tatu, huambiwa akae nyumbani leo, na kesho, na siku ya soko. Mwisho wa muhula husemekana kwamba hana bidii. Baada ya mwaka mmoja husemekana kwamba amekuwa mkubwa mno kukaa na watoto wadogo darasani, na maneno ya kumwoza huanza kusikika. Nyumba hiyo imepata mwanafunzi mmoja wa miaka minne, na imempoteza mwingine wa miaka tisa. Na katika daftari za elimu aliyeingia ameandikwa, lakini hakuna safu ya kumwandika yule aliyetoka kwa ajili ya kumshika mdogo wake.

Wenyeji wa loipi walikuwa wamelijibu neno hili kabla halijaulizwa. Nyanya mmoja chini ya mti huwafungua watu wawili kwa mara moja: humfungua mama akaenda kazini, na humfungua msichana akaenda skuli. Wala sheria haikatazi. Waliotunga Katiba, katika Jedwali la Nne walipozihesabu kazi za kaunti, hawakutaja elimu ya kabla ya msingi peke yake. Katika fungu lile lile walitaja na mahali pa kutunzia watoto. Neno hilo limeandikwa, ila kwa sehemu nyingi za mbali limebaki kuwa maandishi.

WAKATI WA UKAME

Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022, mvua za kaskazini mwa Kenya zilikosekana majira matano mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika nchi kavu za Kenya. Jamaa zilihama na wanyama waliobaki, na madarasa yaliyojengwa kwa mawe hayakuweza kuhama nao.

Hapa loipi yafundisha jambo jingine. Kivuli hakifungwi mahali pamoja. Nyanya akihama, hadithi zake huhama naye. Na mtunzaji aliyefundishwa, akiwa ni mtoto wa boma hilo hilo, huhama na watu wake akiwa na sufuria, mfuko wa unga na sanduku la vitu vya kuchezea. Serikali yenyewe imekiri kwamba wafugaji wahitaji mpango wa namna yao, kwa maana sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 iliweka baraza la taifa la elimu ya wafugaji wanaohamahama. Yapasa mpango huo uanze chini, kwa aliye mdogo kuliko wote, maana yeye ndiye adhurikaye kwanza njaa ijapo.

WANAOPINGA

Wako watu wanaosema kwamba mashauri haya ni ya kuwadharau wafugaji. Mtoto wa Nairobi, husema, ajengewe skuli ya mawe yenye madirisha, na mtoto wa Samburu akalishwe chini ya mti? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa sababu imetoka kwa watu waliochoka kupewa makombo. Ni kweli kwamba mtoto wa Baragoi astahili jengo zuri sawasawa na mtoto wa Nairobi. Lakini jengo lililo mbali naye si lake. Apewe kwanza kilicho karibu, kisha kiboreshwe mwaka kwa mwaka: leo ua, kesho tangi la maji, keshokutwa paa na sakafu. Jengo limfuate mtoto. Mtoto asilazimishwe kulifuata jengo.

Wengine husema kwamba nyanya hajui kusoma. Ni kweli pia, na hakuna aliyemwomba afundishe kusoma. Kazi yake ni ile aliyoifanya miaka yote: kuzungumza na mtoto, kumtazama, kumtuliza na kumtia adabu. Kando yake awepo kijana aliyefundishwa, wa kiume au wa kike, atakayeshika vitabu na daftari ya uzito. Kijana huyo akiwa peke yake na watoto wengi, atachoka na kupiga kelele. Nyanya akiwa peke yake, mtoto atafika darasa la kwanza hajawahi kushika kalamu. Wawili hao wakikaa pamoja, kila mmoja hufunika upungufu wa mwenzake.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwanza, kina baba. Wanaume wengi huona kwamba mambo ya watoto wadogo ni ya wanawake. Lakini kukata miti ya ua, kujenga kivuli, kuchimba choo na kumleta punda mwenye maji ni kazi za siku mbili tatu tu kwa wanaume wa boma moja. Tena baba ndiye aamuaye nani ataenda skuli na nani atashika fimbo. Kabla ya kuamua, na ajiulize ni nani atamsomea barua ya daktari, au bei ya mbuzi katika simu, siku ambazo macho yake yatakuwa yamefifia.

Pili, kina mama na nyanya. Wasikubali kuambiwa kwamba kazi yao imekwisha kwa sababu mwalimu amekuja. Waende kwake, wajue majina ya nyimbo anazowafundisha watoto, wamfundishe na zile zao. Na panapokuwa na chumba kipya, waombe kivuli kiwekwe kando yake kwa ajili ya walio chini ya miaka minne, ili mama aletapo mmoja alete wote wawili, na msichana apite moja kwa moja mpaka darasani kwake.

Tatu, watu wa baraza na wajumbe wa kaunti. Fedha zinapogawanywa, ni haki ya mwananchi kuuliza maswali matatu kabla ya kupiga makofi kwa ajili ya jengo: Uji utatoka wapi mwezi wa tatu, kabla ya mvua? Mwalimu atalipwa kiasi gani, na kila mwezi au kila atakapokumbukwa? Na mtoto wa miaka miwili atakaa wapi? Maswali haya hayahitaji elimu kubwa. Yaweza kuulizwa na mzee ye yote katika baraza la chifu, akiwa ameegemea fimbo yake.

Nne, vijana waliosoma. Yupo kijana wa boma aliyemaliza kidato cha nne, naye akaa mjini akingojea kazi ya ofisi ambayo haiji. Mafunzo ya ualimu wa chekechea yapo, na kwao wako watoto wanaomjua kwa jina. Kazi hiyo haina sifa nyingi, na malipo yake katika sehemu nyingi bado ni madogo. Hilo lapasa kurekebishwa na wenye mamlaka, wala lisifichwe. Lakini mwalimu atokaye mbali huomba uhamisho mwaka ukiisha, na mwalimu wa boma hana pa kuhamia.

Watu wa zamani walisema, mkono mmoja haulei mwana. Walisema hivyo kwa sababu waliona kwa macho kwamba mama peke yake hawezi, na nyanya peke yake hawezi. Siku hizi yafaa kuongeza kwamba Serikali peke yake haiwezi, na jengo peke yake haliwezi. Mti upo. Nyanya yupo. Sheria imekwisha kuandikwa. Kilichobaki ni watu wazima wakutane chini ya kivuli kile, wakubaliane nani ataleta maji, nani ataleta unga na nani atakaa na watoto, na kazi ianze kesho asubuhi, baada ya kukamua.